Uzito wa Kuzaliwa na Moyo wa Utu Uzima: Tarakimu Isiyoulizwa Katika Kadi ya Kliniki

Siku ya kliniki katika zahanati za Wilaya ya Kakonko hufanana na siku ya kliniki popote Tanzania. Mizani ya kuning'inia hutundikwa kwenye boriti ya baraza au kwenye tawi la mwembe, akina mama huketi kwenye mabenchi wakiwa na watoto mgongoni, na mtoto mmoja mmoja hutiwa katika mkoba wa kupimia, akalia, akasomwa uzito, akarudishwa kwa mama yake. Muuguzi huandika kilo na kuweka nukta kwenye mchoro wa ukuaji. Mwezi unaofuata nukta nyingine huongezwa mbele ya ile ya kwanza. Tarakimu moja tu katika kadi hiyo haibadiliki kamwe, nayo ni uzito wa kuzaliwa.

Mtoto akishatimiza miaka 5 kadi hiyo huishia chini ya sanduku, ikaliwa na mchwa au ikapotea wakati familia inahama. Miaka 45 baadaye mtoto yuleyule, sasa ni baba au mama wa watu, hufika hospitali akiwa na shinikizo la damu la 180 kwa 110. Ataulizwa kama anavuta sigara, kama anakunywa pombe, anatumia chumvi kiasi gani, na kama wazazi wake walikuwa na presha. Maswali hayo yote ni ya lazima. Lakini ni nadra mtu huyo kuulizwa alizaliwa na kilo ngapi, au nyumba aliyozaliwa ilikuwa katika hali gani mwaka ule. Swali hilo lina uhusiano na moyo wake kuliko wengi wanavyodhani, na kwa watu wa nyanda za juu za Kigoma, yaani Kakonko, Kibondo na Kasulu, lina uzito wa pekee.

Madaftari ya wakunga

Ushahidi uliowashtua madaktari ulitoka kwenye kumbukumbu zinazofanana sana na kadi za kliniki. Mwaka 1905 Kaunti ya Hertfordshire, kaskazini mwa London, ilimwajiri Ethel Margaret Burnside kusimamia wakunga na wahudumu waliowatembelea wazazi majumbani. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na hofu juu ya afya ya watu wake, kwa kuwa vijana wengi waliojitokeza kupigana Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini walikutwa dhaifu mno kubeba silaha. Kuanzia 1911 kila mtoto aliyezaliwa katika kaunti ile aliandikwa daftarini: uzito wake alipozaliwa, kama alinyonya ziwa au chupa, na uzito wake alipotimiza mwaka mmoja.

Madaftari hayo yalikaa kimya kwa miongo mingi, hadi yalipopatikana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton wakiongozwa na David Barker. Mwaka 1986 Barker na mwenzake Clive Osmond walikuwa wamekwisha kuonyesha jambo la ajabu kwenye ramani ya Uingereza na Wales: maeneo yaliyokuwa na vifo vingi vya watoto wachanga mwanzoni mwa karne ndiyo yaliyokuwa na vifo vingi vya ugonjwa wa mishipa ya moyo miaka 50 baadaye. Ugonjwa huo ulidhaniwa kuwa wa matajiri, wa shibe na uvivu. Sasa ulionekana umejaa kwenye wilaya za maskini.

Mwaka 1989 walichapisha matokeo ya wanaume 5,654 waliozaliwa Hertfordshire kati ya 1911 na 1930. Wale waliokuwa na uzito usiozidi kilo 8.2 walipotimiza mwaka mmoja walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha wenzao waliofikisha kilo 12.2 au zaidi. Tofauti iliyoandikwa na mkunga wa kijijini kwa wino wa kalamu ilikuwa bado inasomeka katika vyeti vya vifo vya wazee.

Barker hakuwa wa kwanza kuliona jambo hili. Mwaka 1977 daktari wa Norway, Anders Forsdahl, aliyeifahamu vizuri Finnmark, mkoa wa mpakani kaskazini kabisa mwa nchi yake, aliandika kwamba vifo vingi vya moyo katika mkoa ule havikuelezeka kwa maisha ya wakati ule pekee, bali vilifuata umaskini ambao watu wale waliupitia utotoni. Inafaa wahudumu wa wilaya za pembezoni wakumbuke kwamba wazo hili, linalofundishwa leo katika vyuo vikuu vya tiba, lilianza kwa mtu aliyefanya kazi mahali pa mbali na kuwatazama wagonjwa wake kwa makini.

Uzito wa kuzaliwa ni habari za nyumba

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba uzito wa kuzaliwa ni sifa ya mtoto. Kwa kweli ni habari za nyumba nzima zilizofupishwa katika tarakimu moja. Ndani yake umo urefu wa mama, ambao nao hutegemea jinsi yeye mwenyewe alivyolishwa utotoni. Imo miezi iliyopita tangu mtoto aliyetangulia, yamo malaria na minyoo, umo upungufu wa damu. Imo pia kazi: nani alilima shamba msimu ule, nani alichota maji, nani alibeba kuni. Baba akiwa mbali, jibu la maswali hayo matatu huwa ni mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuwa na mimba ya miezi saba.

Chini ya kilo 2.5 mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, ama kwa sababu amezaliwa kabla ya wakati, yaani njiti, ama kwa sababu alidumaa tumboni ingawa miezi ilitimia. Mara nyingine ni yote mawili.

Mtoto asiyepata lishe ya kutosha kupitia kondo la nyuma huishi kwa mgawo. Damu yenye oksijeni na sukari hupelekwa kwanza kwenye ubongo, na viungo vingine husubiri zamu. Kinachoumia zaidi katika kusubiri huko ni figo. Kazi ya kuchuja damu hufanywa na vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni, na vyote hujengwa kabla ya kuzaliwa. Ujenzi huo hukamilika karibu na wiki ya 36 ya mimba. Baada ya hapo mtu haongezewi hata kimoja. Watu hutofautiana mno: figo moja inaweza kuwa na nefroni 200,000, nyingine zaidi ya 2,000,000. Aliyezaliwa mdogo huwa na chache, na kila moja hulazimika kufanya kazi ya mbili. Shinikizo hupanda ndani ya vichujio hivyo, vingine huchakaa na kufa, vilivyobaki huelemewa zaidi, na mwili huanza kubakiza chumvi na maji. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walihesabu nefroni katika figo za watu 10 waliokuwa na shinikizo la juu la damu na watu 10 wasiokuwa nalo, wote wakiwa wamefariki kwa ajali. Kundi la kwanza lilikuwa na wastani wa nefroni 702,379 kwa kila figo. Kundi la pili lilikuwa na 1,429,200.

Mishipa ya damu nayo hupata sehemu yake. Nyuzi zinazoifanya ateri inyumbulike hutandazwa zaidi wakati mtoto yuko tumboni na katika miezi ya mwanzo ya maisha. Zikiwa chache, mishipa hukakamaa mapema na moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi.

Ndiyo maana chumvi haiwadhuru watu wote kwa kiasi kimoja. Watu wa Buha wameishi jirani na chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000: visima vya maji ya chumvi vya Uvinza vilichemshwa tangu zamani, na chumvi yake ilisafiri hadi Burundi na kwingineko. Hakuna ubaya katika historia hiyo. Lakini kwa mtu aliyezaliwa na nusu ya nefroni za mwenzake, dagaa na samaki waliokaushwa kwa chumvi, pamoja na kijiko kinachoongezwa mezani baada ya mboga kuiva, si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo tayari katika chakula.

Miaka ambayo Kakonko imepitia

Kakonko ilipata hadhi ya wilaya mwaka 2012 ilipomegwa kutoka Kibondo, lakini ardhi yake ina kumbukumbu ndefu ya kuhamishwa. Kuanzia 1933 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wa Buha katika makazi yao na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Kisha likaja soko la vibarua. Wanaume wa Kibondo na Kasulu walikwenda kwa mikataba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, hasa baada ya wenye mashamba kuanzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944. Manamba hao waliacha nyuma wake waliolima peke yao. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, ambayo ilihamishia familia nyingi katika vijiji vipya kabla mpango wa vijiji haujaenea nchi nzima.

Kila tukio katika hayo lina hoja zake za kisiasa, na jarida hili si mahali pa kuziamua. Swali la tiba ni jingine kabisa: wakati nyumba inabomolewa na shamba la zamani linaachwa, mwanamke mjamzito wa nyumba hiyo anakula nini, na mtoto wake anazaliwa na kilo ngapi? Aliyezaliwa Kakonko mwaka wa Operesheni Kigoma sasa amepita miaka 50. Huo ndio umri wa wagonjwa wa moyo wa nchi hii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, wastani wa umri ulikuwa miaka 55, tofauti na nchi tajiri ambako wagonjwa kama hao huwa wazee zaidi. Asilimia 45 yao waliugua kutokana na shinikizo la juu la damu.

Haifai kurukia kusema kwamba operesheni fulani ndiyo iliyomletea presha mgonjwa fulani. Lakini kwamba mshtuko wa chakula katika nyumba unaweza kuacha alama ya namna hiyo katika mwili wa Mwafrika, hilo limepimwa. Nchini Nigeria, wakati wa vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970, njaa kali iliwakumba watu wa mashariki ya nchi. Miaka 40 baadaye watafiti waliwapima watu wazima 1,339 katika mji wa Enugu. Waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa walikuwa na shinikizo la damu la juu kwa milimita 7 za zebaki kwa kipimo cha juu, na 5 kwa kipimo cha chini, kuliko waliozaliwa baada ya vita. Walikuwa pia na viuno vinene zaidi na sukari zaidi katika damu. Njaa ile ilikuwa imekwisha kabla hawajajua kutembea.

Nyanda za juu za Kigoma zina watoto wa aina hiyo leo. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015, kambi ya Mtendeli, iliyoko Kakonko, ilianza tena kupokea wakimbizi mapema 2016, na ilibaki wazi hadi 2021 ilipofungwa na wakazi wake kuhamishiwa Nduta, Kibondo. Mama aliyevuka mpaka kwa miguu akiwa na mimba, na mtoto aliyezaliwa katika wiki zile za mwanzo, wamo katika hesabu hii. Mtoto wa 2016 atatimiza miaka 40 mwaka 2056. Atakuwa wapi wakati huo, na kadi yake itakuwa wapi?

Vitu viwili ambavyo havihitaji vita

Vita na kuhamishwa ni matukio makubwa. Yapo mengine ya kila siku, na kwa Kigoma la kwanza ni malaria. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 mkoa huu ndio uliokuwa na kiwango kikubwa kuliko yote cha watoto wadogo wenye vimelea vya malaria, takriban asilimia 24. Vimelea hivyo hupenda kujificha katika kondo la nyuma, ambako huzuia chakula kumfikia mtoto hata kama mama mwenyewe hana homa. Watafiti wa Ibadan, Nigeria, waliowafuatilia akina mama na watoto wao, waliona kwamba watoto wa mama waliougua malaria wakati wa ujauzito walizaliwa wadogo, na kwamba mabadiliko ya shinikizo lao la damu yalianza kuonekana tangu uchanga. Kwa hiyo kidonge cha SP anachomeza mjamzito mbele ya muuguzi, kuanzia kipindi cha pili cha mimba na kwa kupishana mwezi mmoja au zaidi, angalau mara 3, ni kinga ya malaria na ni mchango kwa figo za mtu atakayekuwa na miaka 50. Mjamzito anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP. Kwake chandarua chenye dawa na matibabu ya haraka ndiyo tegemeo.

La pili ni msongamano wa nyumba. Hapa njia si ya uzito wa kuzaliwa bali ya koo. Watoto watano wakilala chumba kimoja kisicho na dirisha, bakteria wa streptokokasi husambaa kutoka koo moja hadi jingine. Kwa baadhi yao mwili, katika kupigana na bakteria hao, hushambulia viungo vya mifupa na milango ya moyo, yaani vali. Mtoto huvimba magoti, homa hupita, nyumbani wakasema ni baridi yabisi, na shule ikaendelea. Miaka 10 baadaye, mara nyingi msichana akiwa na mimba yake ya kwanza, pumzi hukata. Katika utafiti uleule wa Muhimbili, ugonjwa huu wa vali ulichangia asilimia 12 ya wagonjwa.

Habari njema juu ya ugonjwa huu imetoka Uganda. Watafiti waliwapima watoto wa shule kaskazini mwa nchi hiyo kwa mashine ya ekokadiografia, wakawapata wale wenye dalili za mwanzo kabisa ambao hawakujua kuwa wanaumwa. Watoto na vijana 818 waligawanywa katika makundi mawili, moja likichomwa sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki 4. Baada ya miaka 2 ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Dawa yenyewe ni ya zamani na bei yake si kubwa. Kazi ngumu ni kumpata mtoto kabla hajachelewa, kwa sababu kutoka Kakonko hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na upasuaji wa vali si jambo la kukopea nauli tu.

Si hukumu

Mgonjwa aliyezaliwa na kilo 2 anaposoma haya asidhani ameandikiwa kifo. Kwa wastani, kila kilo moja ya ziada ya uzito wa kuzaliwa huambatana na tofauti ya milimita 1 hadi 2 tu za shinikizo la damu ukubwani. Hilo ni jambo la maana kwa wilaya nzima, lakini kwa mtu mmoja chumvi, pombe, unene na tumbaku huweza kuwa na nguvu zaidi. Wapo wanasayansi wanaosema kwamba uhusiano huu umetiliwa chumvi. Huko Gambia, ambako vijiji vya eneo la Keneba vimefuatiliwa tangu miaka ya 1940, ilionekana kwamba waliozaliwa katika msimu wa njaa hufa mapema zaidi wakiwa vijana, lakini wengi wao kwa maambukizi na si kwa moyo. Watu walioendelea kula chakula kilekile cha kijijini na kufanya kazi ileile ya jembe hawakuonekana kuteseka na moyo kama Waingereza.

Huenda fundisho kubwa limo katika tofauti hiyo. Hatari haikai katika udogo peke yake. Inakaa katika safari ya kutoka udogo kwenda unene. Watafiti wa Finland, waliofuatilia maelfu ya watu waliozaliwa Helsinki, walionyesha mwaka 2005 kwamba waliopata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa wingi ni wale waliozaliwa wadogo, wakabaki wembamba hadi miaka 2, kisha wakanenepa haraka utotoni. Mwili uliojengwa kwa uchache hupewa wingi ambao haukuutarajia. Kijana wa Kakonko anayeacha muhogo, maharage na kilomita 10 za miguu kwa siku, akaenda Kahama, Mwanza au Dar es Salaam kukaa juu ya bodaboda, akila chipsi na kunywa soda, anafanya safari hiyohiyo kwa basi la siku moja.

Kwa hiyo kuna mambo ya kufanya katika kila kituo cha umri, na mengi tayari yamo katika miongozo. Mjamzito ahudhurie kliniki mapema, kabla ya wiki 12, kwa sababu figo za mtoto hazisubiri hudhurio la mwezi wa sita. Apimwe shinikizo la damu kila hudhurio bila kurukwa. Aliye katika hatari kubwa ya kifafa cha mimba, kwa mfano aliyewahi kukipata, aonwe na daktari mapema ili aangaliwe kama anafaa kupewa aspirini ya dozi ndogo. Mume aelezwe waziwazi, ikiwezekana akiwa pale pale kliniki, kwamba kubeba ndoo katika miezi ya mwisho si kazi ya mkewe pekee. Hili la mwisho halihitaji bajeti ya halmashauri, na bado ndilo linaloshindikana zaidi.

Mtoto akizaliwa mdogo, joto la kifua cha mama ni tiba. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021, uliofanyika katika nchi 5 ikiwemo Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 waliowekwa ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa asilimia 12.0 katika siku 28 za mwanzo, wakati waliosubiri hadi hali zao zitulie walikufa kwa asilimia 15.7. Baada ya hapo anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na miaka 2 ya mwanzo itumike kumjenga kwa maharage, dagaa, mayai na mboga. Akishavuka umri huo, haraka ya kumnenepesha kwa sukari na mafuta ili majirani waseme amepona haimsaidii.

Mama mwenyewe asisahauliwe. Mwanamke aliyepata kifafa cha mimba au dalili zake za awali ana hatari ya ugonjwa wa moyo ukubwani inayokaribia mara mbili ya wengine. Mara nyingi presha yake hushuka baada ya kujifungua, akaruhusiwa, na hakuna anayempima tena hadi mimba nyingine. Hudhurio la wiki 6 baada ya kujifungua ndilo wakati wa kumwambia kwamba apimwe kila mwaka, maisha yake yote.

Kwa watu wazima tatizo la kwanza ni kwamba hawajijui. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 kutoka Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, Kilimanjaro, ulikuta kwamba katika kila watu wazima 10 wa kijijini zaidi ya 2 walikuwa na shinikizo lililofikia au kupita 140 kwa 90, na mjini walikaribia 4. Kati ya wenye tatizo, takriban mmoja tu katika watano alikuwa amewahi kuambiwa. Waliokuwa wamelidhibiti kwa dawa hawakufika asilimia 1. Presha haiumi kichwa hadi imekwisha kuharibu kitu, na mgonjwa anayeacha dawa kwa sababu anajisikia vizuri anafanya hivyo kwa sababu dawa inafanya kazi.

Inabaki kadi. Muuguzi anayehitimisha mahudhurio ya mtoto wa miaka 5 anaweza kumwambia mzazi asiitupe, aipige picha kwa simu, na aandike uzito wa kuzaliwa nyuma ya cheti cha ubatizo au kwenye daftari ambalo familia huandikia mambo yake muhimu. Kwa familia zinazovuka mipaka, kilo iliyoandikwa kambini au kijijini ni kilo ileile popote watakapokwenda.

Wengi wa watu wazima wa Kakonko hawakuwahi kuwa na kadi hata kidogo, kwa kuwa walizaliwa nyumbani mikononi mwa bibi. Kwao maswali matatu mafupi yanatosha kuingizwa katika historia ya mgonjwa mwenye presha: Je, ulizaliwa kabla ya miezi kutimia, au pacha, au mdogo kuliko ndugu zako? Mama yako alivimba mwili au alipata degedege wakati wa mimba yako? Mwaka uliozaliwa, nyumbani kulikuwa na nini? Wagonjwa wachache watakuwa na majibu siku ya kwanza. Mama akiwa bado hai, mgonjwa aende amwulize kabla ya kurudi kliniki mwezi ujao.